Salamu ya Asubuhi Isiolo
Ukifika sokoni Isiolo mapema, kabla maziwa ya ngamia hayajapakiwa kwenye basi la Nairobi, utasikia amani ikitajwa kwa lugha kadhaa: Mborana anasema nagaa, Msomali nabad, Msamburu serian. Na salamu hapa haiishii neno moja. Mtu huulizwa hali ya watoto, huulizwa mifugo, huulizwa kama mvua imeonekana kwao. Mgeni mwenye haraka hudhani ni kupoteza wakati, nami nasema hapo ndipo siku inapopata thamani yake. Tukumbuke ukame ulioanza mwishoni mwa 2020: misimu mitano mfululizo mvua haikutosha, na wafugaji wa kaskazini wakatazama ng'ombe wao wakianguka mmoja baada ya mwingine. Chakula cha msaada kilikuja, maji yakaletwa kwa malori. Lakini mzee aliyebaki na fimbo bila mfugo wa kuchunga alihitaji pia jirani wa kukaa naye chini ya mgunga na kumwambia, "Pole mzee wangu, bado tunakuhitaji." Neno hilo halirudishi ng'ombe, ila humpa mtu sababu ya kuamka kesho yake. Siku hizi tunapishana tumeinamia simu, hata kijana aliyefaulu mtihani hapati hongera ya mdomo. Ndugu msomaji, leo, kabla jua halijazama, mwite kwa jina mama anayekuuzia maziwa, umwambie kwamba kazi yake unaiona.