Mchezo Uliotunyang'anya Maneno

Wanafunzi wangu hapa Kisii hucheka wasikiapo kwamba mwalimu wa isimu hucheza Dragon Age katika kompyuta. Na wacheke. Mchezo wa kwanza, Origins, uliotolewa na BioWare mwaka wa 2009, ulimheshimu mchezaji: kabla ya kumjibu mfalme au mchawi, ulisoma sentensi nzima, ukaipima, ndipo ukaichagua.

Wa pili ulitoka mwaka wa 2011. Mapango yale yale yalirudiwarudiwa hata yakachosha; hilo nalisamehe. Nisilolisamehe ni kupewa vijineno vichache pamoja na kipicha, kinyago cha mzaha au ngumi ya ukali, kisha mhusika Hawke akanena asemavyo yeye. Ni sawa na kumtuma mshenga, ambaye Wagusii humwita esigani, aende Nyamira kukuposea, nawe umwambie tu, "Kwa upole!"

Upole upi? "Naomba maji" si "Nipe maji", wala si "Maji yapo?" Tofauti hizo ndizo tunazohangaika kuzifundisha darasani. Michezo iliyofuata, wa 2014 na wa 2024, imeshikilia mtindo uo huo.