Daftari la Wiki: Mlango wa Idara

Msimu wa udahili umefika, na vyuo vinatangaza kwa fahari idadi ya wasichana viliowapokea. Naomba idadi hiyo itolewe idara kwa idara.

*

Makerere ya Uganda ilitufundisha jambo hili zamani. Mwaka 1990 chuo kile kilianza kumwongezea kila msichana aliyeomba nafasi pointi 1.5. Ulikuwa uamuzi wa haki, na wanawake waliongezeka kweli. Lakini wengi wao waliishia kwenye masomo ya sanaa na jamii, uhandisi ukabaki wa wavulana. Pointi zilifungua geti la chuo. Mlango wa idara ulikuwa umefungwa miaka mingi nyuma, katika shule isiyo na mwalimu wa fizikia.

Kwetu Tanzania mlango huo unaitwa tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, nami sitachoka kuusema. Binti anayepangiwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) ameshaagana na uhandisi, udaktari na ufamasia kabla hajajua vizuri watu wa kazi hizo hufanya nini. Amesoma kemia ubaoni tu, bureti hajaigusa, kisha matokeo yakitoka tunasema hapendi sayansi. Hapendi? Nani alimpa nafasi ya kuipenda? Ndiyo maana nayathamini mafunzo ya awali ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwaandalia wasichana kabla ya kuingia uhandisi: unamfundisha kwanza alichonyimwa, halafu anakaa darasa moja na wenzake, mtihani uleule. Kila chuo chenye uhandisi kifanye hivyo, na serikali ilipie.

*

Wangari Maathai alikuwa mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1976. Mwaka 1976! Na bado kuna mzazi anayemwambia bintiye kwamba udaktari wa ng'ombe haumfai.

*

Kijana wa kiume anayesomea ualimu wa chekechea, achekwe kwa lipi?

*

Hili linaniumiza kuliko yote. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu hushauriwa achague kozi "nyepesi", na ukiuliza kwa nini, jibu huwa ngazi: maabara iko ghorofani, lifti haipo au haifanyi kazi. Kama ufaulu wake unamruhusu kusoma kemia, ishusheni maabara chini kabla muhula haujaanza.