Msituambie tu "msidanganywe"

Wenzetu wa Nakivale, wa Base Camp, Juru na Rubondo, na nyinyi wa mashirika mnaosoma humu kimyakimya bila hata kuweka laiki, leo tunasema bila kuzunguka.

Wiki mbili zilizopita mwenzetu mmoja alikuja kwenye kikundi na barua ndani ya simu. Iko na nembo, iko na mhuri mwekundu na sahihi ya bluu. Inasema amepata kazi kwenye kiwanda cha kufunga nyama ya kuku huko Poland, mshahara euro 2,200 kwa mwezi, nyumba bure, chakula bure, aripoti baada ya siku 45. Alikuwa ameshatuma shilingi milioni mbili na laki nane kwa simu. Pikipiki ya kaka yake imeuzwa, mbuzi wawili wa mama wameuzwa. Alichotaka kwetu ni kitu kimoja tu, tumsaidie kuiprinti kwa rangi.

Tukamuuliza: ndugu, Poland wanatumia pesa gani? Akanyamaza. Poland wako na pesa yao, inaitwa zloti. Kima cha chini cha mshahara kwa mwaka 2025 kilikuwa zloti 4,666 kwa mwezi kabla ya kukatwa kodi na bima, ambayo ni kama euro 1,100 hivi. Sasa kiwanda gani hicho kinachomlipa mara mbili mtu ambaye hakijawahi hata kumpigia simu, halafu kinamlisha na kumlaza bure?

Kuna waliocheka. Sisi hatukucheka, maana nusu yetu tuna barua kama hiyo imefichwa kwenye simu zetu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mbuzi wa kuuza.

Sasa tuje kwa semina. Muda si mrefu shirika moja lilituita kwenye ukumbi. Soda na biskuti zilikuwepo, bango kubwa ukutani, fulana nyeupe zimeandikwa tusidanganywe. Saa tatu nzima tunaambiwa msidanganywe na mawakala, msiuze mali, msitoke kambini usiku. Dada mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza: sawa mwalimu, basi njia ya kweli ni ipi? Jibu likawa kwamba hilo liko nje ya mradi. Tukapiga picha ya pamoja, tukarudi nyumbani. Wakala yeye hajawahi kusema swali lako liko nje ya mradi. Anapokea simu saa tano usiku.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Mnatuonya kuhusu mlango wa uongo, lakini mlango wa kweli hamtaki hata kutuelekeza uko upande gani. Mtu mwenye njaa ukimwambia tu kwamba mkate ule una sumu, halafu ukaondoka, atauangalia ule mkate mpaka lini? Na njaa si ya mfano. Tangu mwaka 2023 chakula cha msaada hapa Uganda kinagawiwa kwa makundi, na waliowekwa kundi la tatu wakaambiwa wajitegemee. Kujitegemea kwa kazi gani? Kwa kiplot kile cha mahindi, na mvua ikiamua?

Basi acheni tueleze wenyewe, kwa kadiri tulivyosoma na kuuliza. Kazi ya kiwandani Poland haianzi na wewe, inaanza na mwajiri. Yeye ndiye anayeomba kibali cha kazi kwenye ofisi ya serikali ya mkoa wake, na kibali kinaandikwa jina la kampuni, jina lako, kazi yenyewe na mshahara. Kikishatoka, ndiyo wewe unaenda ubalozini kuomba viza ya muda mrefu, ile wanayoiita aina D. Kibali si viza, na viza si kibali. Anayekuambia "viza imeshatoka, bado kibali" amegeuza mkokoteni mbele ya ng'ombe.

Halafu ubalozi wa Poland hauko Kampala. Uko Nairobi. Yaani mkimbizi aliyepata kazi halali kabisa anahitaji kwanza hati ya safari ya kuvuka Busia au Malaba ili aende kuomba ruhusa ya kusafiri. Hiyo hati ipo kisheria. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 28, unasema nchi inayotuhifadhi itupe hati ya kusafiria, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaitambua. Lakini muulizeni kijana yeyote wa hapa, hata mwenye diploma ya serikali kutoka Bukavu au Uvira, kama ameshaiona kwa macho. Wengi hawajui hata jina lake. Wanaoijua wanaambiwa walete sababu ya safari, na sababu ya safari ni barua ya kazi, na mwajiri naye hawezi kukuombea kibali kama huna namba ya hati ya kusafiria. Kuku na yai. Wakala anauza kitu kimoja tu: anakuahidi kwamba yeye anajua jinsi ya kukata hiyo duara.

Na wakala si mtu wa mbali, tusidanganyane. Si mzungu wala si tajiri wa Kampala peke yake. Ni kijana wa hapa hapa, tumeimba naye kwaya, anapata komisheni kwa kila jina analopeleka. Tunamjua. Mama zetu wanamsalimia. Tunaogopa kumtaja kwa sababu kesho tutakutana kwenye bomba la maji, na kwa sababu moyoni tunafikiri labda siku moja atatupeleka kweli. Hilo ni kosa letu wenyewe, hatuwasingizii mashirika.

Kuhusu malipo: Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema wakala wa kazi asimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Anayelipia kazi ya kutafuta mfanyakazi ni mwajiri. Nauli yako na ada ya viza ni mambo mengine, yana risiti. Lakini "pesa ya kufungua faili" haipo popote duniani isipokuwa mfukoni mwa huyo jamaa.

Lakini hata kusema "usilipe" haitoshi, na hapa wenye semina wangesikiliza vizuri. Kuna mpango wa Urusi unaoitwa Alabuga Start, uko Tatarstan, uliotangazwa kwenye mitandao kwa wasichana wa Afrika wa miaka 18 mpaka 22. Tiketi bure, mafunzo, kazi za hoteli na upishi. Hakuna aliyeombwa kuuza mbuzi. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilieleza kwamba wasichana, wakiwemo wa Uganda, walijikuta kiwandani wanaunganisha droni za vita, wanashika kemikali zinazowasha ngozi. Aprili ya mwaka huo huo bweni la pale lilikuwa limeshapigwa na droni kutoka Ukraine. Dada zetu, swali si "ni bei gani" peke yake. Swali ni: kiwanda kinatengeneza nini, mkataba uko kwa lugha gani, na pasipoti atakaa nayo nani?

Wafanyakazi wa mashirika wanapenda kutuambia pia kwamba kazi za viwandani Ulaya ni ngumu, hatutaweza, tutajuta. Tunajua. Tumesoma kuhusu kile kiwanda cha nyama Ujerumani mwaka 2020, ambapo wafanyakazi zaidi ya 1,500 walipata korona, wengi ni watu wa Romania, Bulgaria na Poland waliokuwa wanalala wamebanana kwenye nyumba za wakandarasi. Baada ya aibu ile Ujerumani ilipiga marufuku ukandarasi kwenye machinjio, kuanzia Januari 2021. Hatutafuti pepo. Kusimama saa nane kwenye baridi ukikata kuku, kisha mwisho wa mwezi kuna karatasi ya mshahara yenye jina lako, sisi tunaona hiyo ni kazi. Hapa tunabeba matofali jua kali na hakuna karatasi. Msituchagulie ugumu.

Tunachotaka kwenu kinaeleweka. Tusaidieni hati ya safari kabla ya barua ya kazi, isiwe baada. Mafunzo yenu ya kuchomelea na kushona yaishie kwenye mtihani wa serikali na cheti kinachotambulika, si kile cha kuhudhuria chenye nembo saba ambacho hakuna mwajiri anayekisoma, hata wa Mbarara. Na tuambieni wazi kuhusu njia zilizopo. Kanada ilianzisha mpango wa kuwachukua wakimbizi kama wafanyakazi mwaka 2018, na sisi tuliusikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Kama nafasi ni chache, semeni ni chache. Kama sisi wa sekondari hatumo, semeni hatumo. Tutaumia siku moja, lakini mbuzi watabaki.

Yule mwenzetu hajarudishiwa kitu. Namba ya wakala haipatikani, na kaka yake sasa anakodi pikipiki ya mtu mwingine. Alitupa ruhusa tuandike haya ila tusitaje jina.

Jumamosi hii saa nne asubuhi tutakaa pale tunapokutana siku zote, na simu mbili zenye bando. Mwenye barua ya kazi aje nayo kabla hajalipa, tutaisoma pamoja mstari kwa mstari. Ambaye ameshalipa aje pia, hakuna atakayemcheka. Na wa mashirika, viti viko.