Tumwone Mtoto Anakoshinda

Wazazi wenzangu wa Dar es Salaam, naomba tuache kumsema mama anayempeleka mtoto wa miaka miwili kwenye kituo cha kulelea watoto mchana. Maneno yenyewe tunayajua: amemchoka mwanawe, sisi tulilelewa na bibi zetu. Ni kweli, wengi tulilelewa na bibi. Lakini bibi yuko Newala au Tukuyu, na mama amepanga chumba kimoja Mbagala. Alfajiri anatakiwa awe ameshafika soko la Ilala au Mabibo kuwahi mchicha na nyanya kwa bei ya jumla. Akichelewa, faida imekwenda. Naye aliyeajiriwa, sheria inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua pacha. Zikiisha, mtoto bado hata kukaa hawezi.

Asiye na kituo hufanyaje? Wapo wanaomweka mtoto chini ya meza ya genge, akashinda kwenye vumbi na moshi wa magari. Wapo wanaomwachia dada wa kazi ambaye mwenyewe bado ni binti wa kuangaliwa. Na wapo, hili ndilo linaloniuma zaidi, wanaomzuia binti wa darasa la nne asiende shule ili abaki na mdogo wake. Mkubwa anakosa masomo, na mdogo analelewa na mtoto mwenzake.

Kituo kizuri si mahali pa kumhifadhi mtoto tu. Anapata uji, analala mchana, anajifunza kunawa mikono na kungoja zamu yake ya mpira. Zaidi ya yote anazungumzishwa. Akisema "ma", mlezi akamgeukia na kumuuliza, "Unataka maji?", hapo tayari amesomeshwa. Akiwekwa mbele ya televisheni kutwa nzima, hakuna aliyemjibu. Ndiyo maana programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka malezi yenye mwitikio sambamba na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo hivi visajiliwe. Hata hivyo, mitaani kwetu utakuta kituo kilichoanzia sebuleni kwa mama mmoja kwa sababu majirani walimwomba awashikie watoto, kisha wakaongezeka. Mama huyo anatusaidia sana. Tusikimbilie kumfungia; afisa ustawi wa jamii wa kata amtembelee, amwelekeze taratibu za usajili, nasi wazazi tuchange mikeka, ndoo za kunawia na uzio. Na ada yake tumlipe kwa wakati, maana naye ana watoto wa kulisha.

Kabla ya kumwacha mtoto, nenda kituoni saa ambayo hawakutarajii. Tazama jiko liko umbali gani na watoto wanapocheza, choo kikoje, geti linafungwa au liko wazi barabarani. Hesabu walezi, kisha hesabu watoto. Msikilize mlezi anavyomwita mtoto anayelia. Sauti ile itakueleza mengi kuliko picha za wanyama ukutani.

Viongozi wa masoko, mnapogawa vizimba, tengeni na chumba cha watoto, mama aweze kwenda kunyonyesha na kurudi kwenye meza yake. Waajiri, sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili za kumnyonyesha mwanawe kila siku. Msimfanye aziombe kama hisani.

Nasi akina baba, kumpeleka mtoto asubuhi na kumfuata jioni ni kazi yetu pia. Wiki hii tufike kituoni, mlezi atujue kwa sura, na majina yetu yaandikwe kwenye daftari la wanaoruhusiwa kumchukua.