Nani wa Mwisho?

Zungumza na yeyote aliyerudi kutoka Ulaya, hutakaa sana kabla hajakuambia kwamba wenzetu wanajua kupanga foleni. Kisha inafuata hukumu: sisi tunasukumana kwa kuwa hatujastaarabika. Toleo hili limejaa habari za safari, na kauli hiyo imo humu zaidi ya mara moja. Sijaifuta katika makala za watu, lakini siikubali.

Waingereza wenyewe, wanaosifiwa kuwa mabingwa wa foleni, hawakuzaliwa nayo. Mwanahistoria Joe Moran ameeleza jinsi sifa hiyo ilivyoshika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipohimiza kila mtu angoje zamu yake. Sukari ilikuwa ya mgawo: una kitabu chako, umejiandikisha duka fulani, utapata. Foleni zilizowatoa watu jasho zilikuwa za vitu visivyo na mgawo, kama samaki, ambavyo vingeweza kuisha kabla hujafika mbele.

Waliokuwa watu wazima Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kufundishwa haya. Waliamka alfajiri kufuata sukari na sabuni, wakaweka jiwe au kikapu kushika nafasi, na jiwe likaheshimiwa. Mambo yaliharibika zilipopita tetesi kwamba mzigo unatokea mlango wa nyuma. Hapo hata mwalimu wa dini alitumia kiwiko. Na Wakenya wana yao: katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988 watu walijipanga nyuma ya wagombea, kimya, juani, kisha mstari mrefu ukatangazwa kuwa mfupi. Ustaarabu haukupungua kwa waliopanga mstari.

Kwa hiyo nashikilia kwamba watu husukumana pale wasipoamini kuwa zamu yao italindwa. Wakiamini, hata kusimama si lazima.

Nenda Havana. Mbele ya duka utakuta watu wametawanyika, huyu kivulini, yule ameketi ukingoni mwa barabara. Mgeni anaona hakuna foleni, anakwenda moja kwa moja mlangoni, anazomewa. Foleni ipo. Ukifika unauliza kwa sauti nani wa mwisho, mtu anainua mkono, unamkariri uso, basi, kakae. Atakayekuja baadaye atakuuliza wewe. Sisi hatuna sababu ya kushangaa, maana kwenye bomba la mtaani ni ndoo zinazopanga foleni huku wenyewe wakipiga soga chini ya mwembe, na kliniki nyingi zamu hushikwa na kadi zilizopangwa mezani kwa nesi.

Umbali kati ya mtu na mtu unapotosha wasafiri vilevile. Mwanaanthropolojia wa Marekani Edward T. Hall aliupima katika kitabu chake cha 1966, na kwa Wamarekani aliowachunguza eneo la mtu binafsi liliishia kama mita 1.2. Utafiti uliochapishwa 2017, uliohoji karibu watu 9,000 katika nchi 42, ulionyesha kuwa Wasaudi hutaka nafasi kubwa zaidi na rafiki zao kuliko Waargentina wanayotaka na mtu wasiyemjua. Ile hadithi kwamba Mzungu hukaa mbali na wengine wote hubanana haina miguu. Tokyo abiria husimama kandokando ya mlango wa treni, kwenye alama za sakafuni, wakingoja wanaoshuka wamalize. Dakika moja baadaye wamegandamana kifua kwa mgongo na hakuna anayenung'unika. Lakini Stockholm, yule aliyesimama hatua tatu nyuma ya mwenzake yumo kwenye foleni. Ukijaza pengo lile, umempita.

Kinachonitatiza zaidi ni wazee. Kwetu mzee hupishwa, na hospitali nyingi za Tanzania zimebandika vibao vya kuagiza hivyo. Posta moja nchini Uingereza nilimwona kijana wa Tanga akimshika bibi mkono na kumleta mbele ya watu kama saba. Hakuna aliyesema neno. Mmoja alikohoa. Bibi mwenyewe ndiye aliyekataa. Alishukuru, akarudi nyuma kabisa. Kijana angeweza kumpa nafasi yake na yeye akahamia mwisho, lakini za wale wengine hazikuwa zake kugawa. Kwa mizani ya kwao walikuwa sahihi. Bado nasema ni mizani migumu.

Mwandishi wetu aliyeko Muscat amesoma rasimu ya neno hili na hakubaliani nami hata kidogo. Anasema imani haihusiki: fungua madirisha manne badala ya moja, uone kama kuna atakayesukumana. Nimempa kurasa sita za kunijibu, na nimeziweka mbele ya makala nyingine zote.