Gari Lililolala Ghali Kuliko Mwenyewe

KIJIWE CHA BONDENI
Na Mwakijiwe

Wiki hii nina hasira.

Jumanne saa nne usiku shemeji alinipigia simu. Mnamjua shemeji, yule wa Ipinda, ambaye tangu anikopeshe baiskeli hajawahi kunipigia kwa jambo la heri. "Shemeji, njoo gesti haraka, mpwa wangu anataka kuitiwa mgambo." Nikauliza kamfanya nani nini. Akasema: "Kachaji gari."

Nasema mapema ili wenye haraka wajue pa kuishia: kigari hakina kosa. Mwenye kosa ana msuli, ana tumbo, na ana gesti.

Lakini niungame kwanza. Jumatatu mchana, kigari kile kilipoingia mjini Kyela, wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Tulikuwa kijiweni, karata mkononi, kikapita kimya kama paka anayetoka jikoni. Nissan Leaf, mtumba wa Japani, mlango mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu, kioo cha dashibodi bado kinaongea Kijapani. Kijana akashuka, ndiye huyo mpwa wa shemeji, anafanya kazi Mbeya, amekuja kumwona mama yake. "Shikamooni wajomba." Badala ya marahaba nikamuuliza rimoti yake iko wapi. Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mtu ambaye gari lake, Noah, asubuhi ile lilikuwa limesukumwa na watoto watatu wa shule anamcheka mwenye gari linalowaka. Ndiyo, naandika tena habari za Noah, na mhariri anisamehe, nilimwahidi mwezi mmoja bila kuitaja na nimeshindwa wiki ya pili.

Kijana hakukasirika. Akatueleza safari yake. Kutoka Uyole kupanda Isongole chaji ilikuwa inashuka mpaka akaanza kuomba. Alipoipita Tukuyu na kuanza kuteremka kuja kwetu, ikaacha kushuka, sehemu nyingine ikaanza kupanda. Mzee mmoja akasema huo ni uchawi wa Wajapani. Si uchawi. Nani kati yenu hajawahi kuendesha baiskeli yenye dainamo? Ukiibana kwenye tairi taa inawaka na pedeli zinakuwa nzito. Ule uzito ndio umeme. Gari likiteremka mlima, mota yake inageuka dainamo, inajishika yenyewe breki na kurudisha kitu kidogo kwenye betri. Tukuyu iko juu yetu kwa kama mita 1,000, kwa hiyo mteremko wote ule sisi na magari yetu ya petroli tunaugeuza moshi wa breki.

Shida ikaanza kwa mama yake. Nyumba ina umeme, lakini kijana alipochomeka, kile kiboksi cha kwenye waya kikawasha taa nyekundu na kukataa. Fundi aliyefunga umeme ule hakuweka eathi. Gari likakataa kula bila eathi, ilhali sisi tunaishi humo na watoto. Basi Jumanne kijana akaja mjini, akachukua chumba gesti kwa 15,000, akaomba kwa kijana wa mapokezi, akapitisha waya dirishani, akalala.

Nilipofika, uani palijaa watu kama msibani. Mwenye gesti yuko katikati, msuli umefungwa kifuani, anapiga kelele kwamba ameibiwa umeme. Gari hili, anasema, linakula kama mashine ya kukoboa mpunga. Gesti nzima itabaki giza, na friji la soda likizima nani atalipa? Bodaboda wawili walikuwa wanakubali kwa vichwa. Mama mmoja akasema watoto wasiliguse, litawarusha. Kijana ameshika ile plagi mkononi kama mwizi aliyeshikwa na kuku.

"Unataka kiasi gani?" nikauliza.

"Elfu arobaini."

Nikamwambia twende kwenye mita ya Luku. Hakutaka. Nikamwambia nitaandika gazetini. Hapo akazidi kukataa, lakini alikuja. Tangu magharibi mpaka ule ugomvi, kigari kilikuwa kimekula uniti kama nane. Waya ule huvuta kiasi cha pasi mbili za umeme, si mashine ya mpunga. Kama gesti yake haiwezi kubeba wageni wawili wanaopiga pasi kwa wakati mmoja, hilo ni tatizo la wageni wa kesho, si la kigari. Uniti moja kwa sisi tusio kwenye ile bei ya chini ya watumiaji wadogo ni Sh356 pamoja na kodi zote. Nane mara 356, toa kalamu, ni Sh2,848. Hata ukimwongezea kodi ya jengo ya mwezi mzima, ile 1,500 tunayokatwa humo humo kwenye Luku, bado hafiki 5,000.

Mkutano ukaendelea dakika arobaini. Amani ikapatikana kwa 25,000, taslimu, kabla ya plagi kurudi ukutani. Mpaka alfajiri kigari kilikuwa kimemaliza uniti 15, yaani Sh5,340. Mtu kalala kwa 15,000, gari lake limelala kwa 25,000, na gari halikupewa hata taulo.

Bei ile haikutoka kwenye mita. Naijua ilikotoka, maana tumeshaiona. Wenye umri wangu mnakumbuka umeme ulivyokuwa haujafika vijijini, simu tunazipeleka kuchajiwa mnadani na kwa vinyozi, kikaratasi kimeandikwa jina kinafungwa kwa mpira. Mia tatu, mia tano kwa simu moja. Betri ya zile Nokia za tochi ilikuwa ndogo kiasi kwamba uniti moja ya umeme ingejaza simu zaidi ya 200. Piga hesabu ya mia tano tano: uniti moja ilikuwa inauzwa laki moja. Hatukulalamika, tulisema asante. Kuna watu hapa Kyela wamejenga kwa betri zetu za simu, na nyumba nyingine zimekuwa gesti. Sasa wamesikia gari nalo linachajiwa, mate yanawatoka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kigari kile kimezaliwa kwa ajili yetu. Bondeni ni nchi ya baiskeli. Hakuna mlima kati ya Kyela na Ipinda, hakuna mlima kwenda Itungi wala Kasumulu; wanawake wanapita na gunia la mpunga kwenye kerea bila kushuka. Safari zetu ni fupi na tambarare: sokoni, kanisani, bandarini, msibani, nyumbani. Kigari kama kile kinakwenda kilomita sita au saba kwa uniti moja. Ni kama shilingi hamsini na kitu kwa kilomita. Noah yangu, ikiwa imeamka vizuri, inakwenda kilomita nane au tisa kwa lita, na lita hapa kwetu inacheza kwenye elfu tatu. Nyinyi ni watu wa biashara, malizieni wenyewe. Halafu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei mpya za mafuta, kijiwe kizima kinashika kichwa, na usiku wake huo huo madumu ya petroli hiyo hiyo tunayoililia yanavushwa Mto Songwe kwenda kwa majirani wa Malawi ambao vituo vyao hukauka. Tunalia kwa jicho moja.

Kina dosari, sikatai. Mtumba ni mtumba. Leaf za mwanzo zilianza kuuzwa mwishoni mwa 2010 zikiwa na betri ya uniti 24, betri isiyo na maji ya kuipoza, inapozwa na hewa tu. Huko Arizona, Marekani, jangwani, wenye magari hayo walianza kulalamika mwaka 2012 kwamba betri zinachoka mapema kwa joto. Joto la Kyela mnalijua, mwezi wa kumi na moja hata kivuli kinatoka jasho. La kijana lilikuwa limebaki na vijiti tisa kati ya kumi na viwili. Anayenunua asihesabu kilomita za gari, ahesabu vijiti. Na tumbo lake liko karibu na ardhi. Mvua za mwezi wa nne zikitufanyia zile tabia zake, kigari kinabaki nyumbani, kama Noah, kama baiskeli, kama mimi. Lakini wale waliokuwa wanaogopa kurushwa na umeme uani wajue betri imefungwa ndani ya sanduku lake. Hatari ya usiku ule ilikuwa ekstensheni ya kijana wa mapokezi, nyembamba kama tambi, iliyokuwa imeanza kunukia. Hiyo hakuna aliyeipigia kelele.

Huko nje watu hawacheki tena. Wachina mwaka 2023 walitoa kigari kipya cha umeme, BYD Seagull, kwa chini ya yuan 80,000, ambayo kabla ya meli na ushuru haifiki milioni 30 zetu. Kenya mwaka huo huo wakaweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari, na usiku watu wakilala bei inakatwa nusu. Ethiopia mwanzoni mwa 2024 wakatangaza kuwa gari la petroli au dizeli haliingii tena nchini. Sisi tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, tumelishangilia mpaka sauti zikakauka. Umeme wa bwawa hilo unafika mpaka uani kwa mtu wa msuli, unauzwa karibu mara tano ya bei yake.

Jumatano asubuhi kijana aliondoka. Nilikwenda kumuaga, na safari hii nilianza mimi kumsalimia. Kupanda si kama kushuka: kulibeba gari la tani moja na nusu kutoka kwetu mpaka Tukuyu, ule mlima peke yake unakula uniti zaidi ya nne, kabla hujahesabu mwendo. Alifika Tukuyu kwa shangazi yake kioo kikimwonyesha kilomita za kuhesabika kwa vidole. Shangazi ana eathi. Gari lilichomekwa saa sita, kijana akala mbalaga, akalala kidogo, akaendelea Mbeya. Alichotozwa ni mchele wa Kyela kilo mbili na usipa wa mkononi, na hata huo shangazi alisema ameleta mwingi. Kwa mara ya kwanza katika safu hii nawasifu watu wa Tukuyu. Msizoee.

Ijumaa nikapita mbele ya gesti. Kuna bango jipya, rangi bado mbichi: TUNACHAJI MAGARI YA UMEME. 25,000. LIPA KWANZA. Nikasimama kutazama wateja. Chini ya bango zilikuwa zimeegeshwa baiskeli tatu.