UDONGO WETU UPIMWE KWANZA

Mwezi wa Oktoba 2016 mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalipandwa kwa majaribio huko Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio hayo yasimamishwe, na Januari 2021 ikatangaza kuyafuta. Mengi yamesemwa juu ya punje na tumbo la mlaji. Juu ya udongo yamesemwa machache mno.

Mkulima wa Kilosa hana kiwanda wala meli. Mali yake ni udongo. Ndani ya udongo huo wamo wafanyakazi wasioonekana kwa macho, yaani bakteria na kuvu. Hao ndio waozeshao mabua, waipatiao mikunde naitrojeni na kuyaletea mahindi fosforasi. Wakigoma hao, jembe na trekta havifui dafu.

Tuutazame ukweli bila ushabiki. Ziko mbegu za mahindi na pamba zilizotiwa kinasaba cha bakteria wa udongoni ili mmea utengeneze sumu ya kuua viwavi. Mwaka 1999 wataalamu nchini Marekani walionyesha kwamba sumu hiyo hutoka mizizini, ikashikamana na chembe za udongo. Lakini uchunguzi mwingi uliofuata haukuona madhara makubwa ya kudumu kwa bakteria hao. Mara nyingi aina ya udongo, majira na namna ya kulima vilileta mabadiliko makubwa zaidi.

Je, basi shauri limekwisha? Hasha! Udongo wa ng'ambo si udongo wa bonde la Mkondoa, na kipimo cha shamba la mwenzio hakikuhukumu wala hakikutetei.

Kilosa ina bahati. Ilonga pana kituo cha utafiti wa kilimo. Mikumi pana Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambamo ardhi haiguswi na jembe. Basi na uchukuliwe udongo wa hifadhi, wa shamba la mahindi na wa shamba la mkonge, upimwe na kulinganishwa sasa, kabla ya mbegu hizo kufika.

Siku ya kuzikubali au kuzikataa, taifa liwe na hesabu yake lenyewe mkononi, si hesabu ya muuza mbegu wala hofu ya mpiga kelele. Wanachama wa matawi ya Kilosa na Mikumi waulize mikutanoni: udongo wetu umepimwa lini, na majibu yako wapi? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.